Harufu ya Chai Yetu: Urithi Uliomo Ndani ya Jani



Ukichuma jani bichi la chai ukalifikicha viganjani, hutapata harufu ya chai. Utapata harufu ya nyasi zilizofyekwa, kali na mbichi. Jani hilohilo lilaze kwenye kitanda cha kunyaushia usiku kucha, kisha alfajiri uliinamie: linanukia matunda, na kwa mbali maua. Hakuna aliyelinyunyizia kitu. Nitaeleza harufu hiyo ilikuwa wapi, inarithiwa vipi, na kwa nini naamini kwamba sisi wa Afrika Mashariki tumo mbioni kuipoteza kabla hatujaijua vizuri.

Wakemia wamekwisha kutambua kwenye chai misombo inayopaa zaidi ya 600. Mingi haina uzito puani. Heksenali na jamaa zake, zinazotokana na mafuta ya utando wa seli, ndizo zinazoleta ile harufu ya nyasi. Linaloli huleta maua. Geranioli huleta waridi. Metili salisilati kila mmoja hapa anaijua, maana ndiyo inayonukia kwenye dawa za kuchua misuli. Kwa kiasi chake huipa chai ya Uva, kule Sri Lanka, sifa iliyoipatia jina sokoni.

Kinachonistaajabisha hadi leo ni jinsi mmea unavyoitunza harufu hiyo. Linaloli ikiachwa huru hupaa na kupotea. Kwa hiyo mchai huifunga kwa sukari. Kimeng'enya cha kwanza huibandika glukosi, cha pili huongeza zailosi juu ya ile glukosi, na sukari hiyo ya sehemu mbili huitwa primeverosi. Msombo ukishafungwa hivyo haupai tena wala hauna harufu. Huyeyuka majini na kukaa umetulia ndani ya seli. Jeni zinazotengeneza vimeng'enya hivyo viwili zilielezwa mwaka 2015. Kimeng'enya cha tatu, kinachoikata primeverosi yote kwa mara moja na kuiachia harufu, jeni yake ilitenganishwa mapema zaidi, mwaka 2002, na watafiti wa Japani. Sasa tazameni mpangilio wenyewe: kimeng'enya kinachokata kinakaa upande wa ukuta wa seli, ilhali kinachokatwa kimo ndani. Jani likiwa zima havikutani. Jani linyauke, lisokotwe, seli zipasuke, ndipo vinapokutana. Kiwanda cha chai nyeusi, kwa upande wa harufu, kazi yake kubwa ni kuvikutanisha na kuvipa muda.

Mdudu naye anaweza kuianza kazi hiyo. Kule Hsinchu na Miaoli, Taiwan, wakulima wa chai iitwayo Oriental Beauty hawapulizii dawa msimu wa joto. Wanakingoja kidudu cha kijani kinachofyonza utomvu, jamaa wa karibu wa chawajani tunaowajua kwenye pamba. Jani likishafyonzwa, mmea huwasha jeni za kujilinda, na kutokana na linaloli hutengenezwa misombo mingine inayonukia asali na matunda yaliyoiva. Kwa mkulima wa kwetu jani la namna hiyo ni hasara. Kule huuzwa kwa bei ya juu.

Nije kwenye jeni zenyewe. Mchai una kromosomu 30, yaani jozi 15. Mwaka 2017 watafiti wa Kunming, katika jimbo la Yunnan, walichapisha jenomu ya chai ya jani kubwa, aina ya Assam. Mwaka uliofuata ikachapishwa ya chai ya Kichina yenye jani dogo. Jenomu ya mchai ina jozi za besi zipatazo bilioni 3, karibu sawa na ya binadamu, na takriban asilimia 80 ni vipande vinavyojirudia. Ndani yake familia za jeni zinazotengeneza terpeni, ambazo linaloli na geranioli ni miongoni mwazo, zimeongezeka nakala. Hata jeni moja si lazima ifanye kazi moja. Mwaka 2018 ilionekana kwamba jeni moja ya chai inaweza kusomwa kwa namna mbili: protini ya namna ya kwanza huingia kwenye kloroplasti na kutengeneza linaloli, ya pili hubaki nje yake, mahali ambapo malighafi iliyopo ni ya nerolidoli, yenye harufu ya maua na mbao.

Lakini kabla jenomu yoyote ya chai haijasomwa, Mjapani Takeo alikwisha kuonyesha jambo ambalo wazalishaji wa aina mpya za mimea wangepaswa kulishika zaidi kuliko walivyolishika. Alipima uwiano wa linaloli na geranioli. Chai ya Assam ikawa na linaloli nyingi, geranioli kidogo mno. Ya Kichina ikaelemea geranioli. Machotara wakakaa katikati. Huku kwetu Afrika Mashariki kazi kama hiyo ilipata mtu wake katika Profesa Philip Okinda Owuor, aliyefanya utafiti Kericho na baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Maseno. Yeye na wenzake walionyesha kwamba mbolea ya naitrojeni ikizidi, au mchumo ukicheleweshwa, misombo ya unyasi hupanda na harufu nzuri huzidiwa. Walionyesha pia kwamba aina moja ikipandwa mahali tofauti haitoi harufu ileile. Jeni huweka mpaka wa kinachowezekana; mwinuko, baridi na mkono wa mchumaji huamua mmea utafika wapi ndani ya mpaka huo.

Sasa sisi. Chai ililetwa Limuru kutoka India mwaka 1903, na huku kwetu Tanzania Wajerumani waliipanda Amani, Usambara, katika miaka hiyohiyo. Kwa miongo kadhaa ilioteshwa kwa mbegu. Mchai kwa kawaida hukataa chavua yake mwenyewe, hivyo kila mbegu ni mchanganyiko mpya, na katika shamba la mbegu hakuna miti miwili iliyo sawa. Simameni kwenye shamba la zamani pale Mufindi mtazame: mti huu jani lake pana na jeupejeupe, wa jirani jani jembamba, la kijani kilichokolea; mmoja umeshachipua, mwingine bado umelala. Tofauti hizo za macho ndizo dalili ya tofauti tusizoziona, za harufu zikiwemo.

Kisha vikaja vipandikizi. Mti mmoja mama ulio bora hukatwa vipande, na eka nyingi huwa na jeni zilezile. Faida yake ilikuwa kubwa, na siibezi: mavuno yalipanda, na mkulima mdogo akasomesha watoto. Kericho walichagua aina ya 6/8, ambayo mpaka leo ndiyo kipimo cha ubora Kenya. Lakini kwa jumla tulichagua uzito wa jani, rangi ya kikombe na ukali wa ladha, kwa sababu ndivyo ilivyohitaji mashine ya CTC iliyobuniwa Assam miaka ya 1930. Mashine hiyo hukata, huchana na kukunja kwa dakika chache, rangi hutoka haraka, nayo harufu hukosa muda wa kukomaa. Jioni ukifika nyumbani unatia iliki na mchaichai kwenye birika. Sitrali ya mchaichai ni geranioli iliyooksidishwa. Kile ambacho hatukukichagua shambani tunakirudisha jikoni, na mpishi wetu hakosei.

Mashamba yale ya mbegu yanang'olewa ili kupisha vipandikizi. Kila mti unaong'olewa una mchanganyiko wa jeni ambao hautatokea tena. Kuzalisha aina mpya ya chai kwa njia ya kawaida huchukua zaidi ya miaka 10, lakini leo mche mchanga unaweza kupimwa DNA kitaluni, na harufu ya jani lake kupimwa maabara, kabla haujapewa nafasi shambani. Vifaa vipo. Miti ndiyo inayopungua.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wenye mashamba na taasisi za utafiti: msing'oe shamba la mbegu kabla hatujapita mti kwa mti, tukachukua vipandikizi vya ile yenye harufu tofauti na kuvitunza kwenye vituo vya utafiti vya Marikitanda, Ngwazi au Kericho. Kwa viwanda: mkulima analipwa kwa kilo tu, na kilo haina pua; mtengeeni bei anayeleta jani lenye harufu, hata kama ni kwa kundi dogo la kusokotwa taratibu. Na ninyi wanafunzi wangu wa jenetiki, msimu wa mchumo unaanza mwezi ujao. Njooni shambani.