Mgonjwa Anapokosa Pumzi Nyumbani

Mgonjwa wa saratani, moyo au mapafu aliye katika tiba shufaa anapokosa pumzi, huingiwa na hofu. Hofu humfanya apumue mbio mbio, na pumzi huzidi kumpungukia. Jamaa nao, kwa mapenzi, hufunga madirisha, humlaza chali na kujaa chumbani.

Afadhali dirisha lifunguliwe na abaki mtu mmoja au wawili. Mgonjwa aketishwe, ainame mbele kidogo, mikono ikiegemea meza au mito. Apepewe usoni, puani na mashavuni, hata kwa kipande cha katoni. Upepo huo hupunguza hisia ya kukosa hewa. Atoe pumzi polepole kwa mdomo, kama anayepoza chai, na anayemuuguza apumue pamoja naye. Akitembea, kiti kiwekwe katikati ya njia ya chooni apate kupumzika.

Dawa alizoandikiwa ziendelee. Pumzi ikikatika ghafla, kifua kikiuma au midomo ikigeuka rangi, kituo cha afya kijulishwe mara moja. Hadi msaada ufike, mgonjwa asiachwe peke yake.