Kompyuta Inayojizima na Kujiwasha Wakati wa Kuweka Programu

Mazungumzo na watumiaji wa kata ya Liparamba, wilaya ya Nyasa



Nimeombwa nizungumzie tatizo moja tu: kompyuta inayojizima na kujiwasha yenyewe pale mtu anapoanza kuweka programu mpya. Huenda mtu akaliona kuwa jambo dogo mno la kukusanyia watu. Lakini huku kwetu kompyuta ni nadra kuwa chombo cha mtu mmoja. Ile ya chama cha msingi imebeba majina ya wakulima, kilo walizoleta ghalani na fedha wanazodai. Ile ya shule imebeba alama za wanafunzi. Ile ya kibanda cha steshenari imenunuliwa kwa mkopo wa kikundi, na marejesho yake hayasubiri mashine ipone. Mashine ya namna hiyo ikianza kujizima, mafundi walio wengi wako mbali, Mbinga mjini au Songea, na jibu linalotolewa upesi kuliko mengine ni kwamba madabodi imeungua. Jibu hilo likikubaliwa bila kuulizwa, mara nyingi bei yake hukaribia bei ya kompyuta nyingine ya mtumba.

Nakifahamu chama kimoja cha wakulima katika mkoa huu, nisichokitaja jina, kilichopewa jibu hilo hilo. Kompyuta yake ilikuwa ikijizima kila ilipofika katikati ya kuwekewa programu ya mahesabu. Fedha za kununua madabodi zilikuwa zimekwisha kuidhinishwa na kamati, ndipo mjumbe mmoja akaomba kwanza kifuniko kifunguliwe mbele yake. Feni ilikuwa imezingirwa na vumbi jekundu lililoshikana kama blanketi, na hewa haikuwa na pa kupita. Vumbi likaondolewa kwa brashi, dawa ya kupitishia joto juu ya prosesa ikapakwa upya, na programu ikaingia siku hiyo hiyo.

Kwa nini basi tatizo lijitokeze wakati wa kuweka programu, na si wakati wa kuandika barua? Mtu anapoandika barua, mashine karibu yote imelala. Anapoweka programu, prosesa hufungua mafaili yaliyofungashwa, diski husoma na kuandika bila kupumzika, na kumbukumbu ya muda hujazwa na kumwagwa tena na tena. Joto hupanda na umeme unaovutwa huongezeka. Ni kama lori bovu: kwenye barabara tambarare halina kelele, lakini lipandishe milima ya Umatengo likiwa na mzigo, utajua kila kilichochoka ndani yake. Kwa hiyo programu mpya mara nyingi haikuleta ugonjwa. Imeufichua tu.

Kabla ya kuhangaika, lakini, hakikisheni kwamba kilichotokea ni kosa. Mfumo wa Windows unapopokea masasisho makubwa hujizima na kujiwasha zaidi ya mara moja, na huo ndio utaratibu wake. Katika hali hiyo huandika kwenye skrini kwamba kazi inaendelea na kwamba usizime. Hatari ni kumkatia umeme mtu mwenye haraka akidhani mashine imekwama. Na hatari iliyo kubwa kuliko zote ni kukatiza usasishaji wa bayosi, ile programu ndogo iliyomo ndani ya madabodi yenyewe. Umeme ukikatika hapo, kompyuta yaweza isiwake tena kabisa. Kazi hiyo ya bayosi msiifanye siku yenye radi wala kwa umeme usio na akiba.

Kama si masasisho, jambo la kwanza ni kuacha kurudia. Watu wengi hujaribu mara ya pili, ya tatu na ya tano, wakitumaini kwamba mashine itajirekebisha. Diski inayokaribia kufa hufa upesi zaidi kwa kurudiwa hivyo, na mafaili ya mfumo yaliyoandikwa nusu huzidi kuvurugika. Ikiwa mashine bado inawaka, nakilini kumbukumbu zenu kwenye flashi au diski ya nje kwanza, kisha itoeni flashi hiyo na kuiweka mbali. Kitabu cha mapokezi ya mazao kina thamani kuliko chombo kilichokibeba.

Baada ya hapo, tazameni na kuandika kwenye karatasi. Je, mashine hujizima mahali pale pale, tuseme kila ifikapo asilimia 60? Basi shuku faili la programu lenyewe, au eneo bovu la diski, au draiva inayogombana na mfumo. Faili lililopakuliwa kwa bando lililokatikakatika mara nyingi huwa pungufu. Linganisheni ukubwa wake na ule uliotajwa na mtengenezaji. Je, hujizima mahali tofauti kila mara, na upesi zaidi mashine ikiwa imekwisha pata moto? Hapo shuku joto, umeme au kumbukumbu. Kipimo kingine hakigharimu chochote: iwasheni kompyuta, ingieni kwenye ukurasa wa mipangilio ya bayosi, muiache hapo kwa nusu saa. Hapo Windows haijaanza kabisa. Ikijizima ikiwa katika ukurasa huo, programu haina kosa, na mtu anayetaka kuwauzia Windows nyingine kama dawa anawapotosha. Isipojizima, bado vifaa havijaachiwa huru, kwa maana kazi pale ni nyepesi, lakini mizani inaelekea upande wa programu.

Windows nayo huweka daftari lake. Bonyezeni kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andikeni eventvwr.msc, kisha fungueni kumbukumbu za mfumo na kutafuta saa ile mashine ilipojizima. Mkiona namba 1074, kuna programu au mtumiaji aliyeomba mashine iwashwe upya, na jina lake limeandikwa hapo. Mkiona namba 41, maana yake mashine iliwaka tena bila kuzimwa kwa utaratibu. Namba hiyo peke yake haisemi sababu, na fundi anayeisoma na kutangaza papo hapo kifaa kilichokufa anakwenda mbele ya ushahidi. Ndani ya maelezo yake kuna msimbo wa kosa. Ukiwa ni sifuri, mashine haikupata hata nafasi ya kuandika kilichoipata, jambo linaloelekeza zaidi kwenye umeme, joto au kuganda kabisa. Ukiwa na namba nyingine, mfumo wenyewe ulianguka, na namba hiyo ndiyo ya kumpelekea fundi.

Kuna pia mpangilio unaoifanya Windows ijiwashe upya kila inapoanguka, hata ukurasa wa rangi ya buluu wenye maelezo ya kosa ukapita kabla hamjausoma. Uondoeni: andikeni sysdm.cpl mahali pale pale, nendeni kwenye mipangilio ya juu, fungueni sehemu ya kuwaka na kurejesha mfumo, na kufuta alama ya kujiwasha kiotomatiki. Kosa likitokea tena, skrini itasimama, nanyi mtaipiga picha kwa simu. Kwa kupima kumbukumbu ya muda, amri ni mdsched. Mashine itajipima yenyewe na kutoa majibu bila malipo yoyote.

Sasa nikae kidogo kwenye umeme, kwa maana huku ndiko shida nyingi zinakotokea. Tangu mwaka 2018, Songea ilipounganishwa na Gridi ya Taifa kwa njia ya kutoka Makambako, mkoa wetu umeachana kwa sehemu kubwa na majenereta ya dizeli. Lakini gridi haizuii radi za masika, wala mti kuangukia waya. Msongo wetu wa kawaida majumbani ni volti 230. Taa hufifia tu ukishuka, ila kompyuta ya mezani inaweza kujiwasha upya kwa mshuko wa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Stebilaiza husawazisha msongo, lakini umeme ukikatika haina cha kutoa. Chenye akiba ni UPS, na akiba hiyo ni betri inayochakaa baada ya miaka michache. Nimeona ofisi nyingi zikiitegemea UPS ambayo betri yake ilikwisha kufa zamani. Ijaribuni kwa taa kabla ya kuiamini kwa kompyuta.

Kwa wanaotumia sola, tazameni uwezo wa inveta na mviunganishe kidogo. Printa ya leza inapopasha moto huvuta umeme mwingi kwa ghafla, na ikiwa iko kwenye inveta moja na kompyuta, kompyuta ndiyo itakayoanguka. Kompyuta mpakato ina nafuu kwa kuwa ina betri yake, ila iwe betri hai. Ijazeni kabla ya kuanza kuweka programu, na tumieni chaja yenye wati zinazotakiwa. Chaja ya wati 45 yaweza kuingia vizuri kwenye tundu la mashine inayohitaji 65, na bado isiweze kuibeba ikiwa kazini.

Upande wa programu una wakosaji wake pia. Programu mbili za kuzuia virusi katika mashine moja hugombana. Nakala za wizi zinazouzwa kwenye flashi huja na wageni ambao hamkuwaalika. Mwezi Agosti 2003 kirusi kilichoitwa Blaster kilienea duniani na kuzifanya kompyuta za Windows XP zihesabu sekunde 60 kisha zijiwashe upya. Na tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja lenye kosa la kampuni ya CrowdStrike liliangusha, kwa makadirio ya Microsoft, kompyuta milioni 8.5 kwa siku moja, nyingi zikiwa zinawaka na kuanguka mfululizo, katika viwanja vya ndege na hospitali za nchi nyingi. Katika kompyuta hizo zote sasisho halikuunguza madabodi hata moja. Ni mfano mzuri wa kumkumbusha fundi mwenye haraka.

Nina onyo la wakati huu. Microsoft ilisitisha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa sababu hiyo wauzaji wa mitumba wanazishindilia Windows 11 mashine za zamani. Windows 11 inadai kumbukumbu ya gigabaiti 4 angalau, diski ya gigabaiti 64, na kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0. Zipo njia za kuruka masharti hayo, na mashine ikawaka vizuri dukani. Baadaye masasisho hukataa kuingia au draiva hazipatani, na mnunuzi ndiye anayebaki na lawama. Muulizeni muuzaji waziwazi kama mashine inatimiza masharti, na jibu lake aliandike kwenye risiti.

Risiti yenyewe iwe ya mashine ya EFD, na iandikwe namba ya pekee ya kompyuta. Mweleze muuzaji kazi mliyokusudia, kwa maana Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, humlinda mnunuzi aliyemjulisha mfanyabiashara wa bidhaa hiyo matumizi anayoyakusudia na kuutegemea ujuzi wake. Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu ubora wa bidhaa au kuhusu haki zake. Lile tangazo la ukutani kwamba bidhaa ikiuzwa hairudishwi halizifuti sheria hizo. Anzeni kwa kumwandikia muuzaji na kubaki na nakala. Asipojibu, pelekeni lalamiko Tume ya Ushindani. Ikiwa mnaamini kwamba kompyuta iliharibiwa na hitilafu ya umeme wa gridi, lalamiko huanzia TANESCO kwa maandishi, likiwa na tarehe na saa, na lisiporidhisha hupelekwa EWURA.

Mnapompa fundi mashine, ondoeni kwanza kumbukumbu za wakulima ikiwezekana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika tangu Mei 2023, na chama ndicho kinachowajibika kwa majina ya wanachama wake. Mpeni fundi ile karatasi yenu: saa, asilimia, namba za makosa, picha ya skrini. Ombeni makadirio ya bei kabla ya kazi, na mkubaliane kwamba kifaa chochote kitakachobadilishwa, kile cha zamani kitarudishwa kwenu. Fundi mwadilifu hachukizwi na sharti hilo. Atakayelikataa, ichukueni mashine yenu kabla hajafungua skrubu ya kwanza.

Sasa nitapokea maswali. Waliokuja na mashine zao waziweke hapa mezani, pamoja na chaja wanazozitumia nyumbani.