Je, Mzee Aache Kunyanyua Vyuma?

(Mazungumzo ya Afisa wa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wanakisomo na wakazi wa Kipawa, Dar es Salaam)

  

 Ndege ikipita juu yetu nitanyamaza mpaka iishe, halafu nitaendelea. Ninyi wa Kipawa mmeshazoea. Mimi bado.

Leo nataka tuzungumze jambo aliloniuliza mzee mmoja wa mtaa huu. Sitamtaja jina, ingawa wengi wenu mtamjua. Alipokuwa kijana alibeba magunia sokoni. Jioni, badala ya kupumzika, alikwenda uani kwa rafiki zake kunyanyua vyuma. Mnavijua vyuma vya mtaani: bomba la chuma, na kila upande kopo lililojazwa zege. Wengine hutumia ekseli ya gari bovu. Chuma kimelala chini. Unakiinamia, unakishika kwa mikono miwili, unasimama nacho wima, halafu unakirudisha chini. Hakuna zaidi ya hapo.

Sasa mzee huyu amepita miaka 60. Bado anakiinamia chuma kile kile. Mwaka jana kiuno kilimshika, siku tatu hakuweza kuinuka kitandani bila kusaidiwa. Vijana wakamwambia, "Mzee, pumzika, umri umekwenda." Mkewe naye akasema hivyo hivyo, tena kwa ukali zaidi. Alipokwenda kutibiwa aliambiwa, "Usinyanyue vitu vizito." Akapewa vidonge, akarudi nyumbani. Nyumbani akakuta ndoo ya maji ya lita 20 inamngoja pale bombani.

Akaja kwangu, akaniuliza, "Mwalimu, vizito ni kilo ngapi?"

Ndugu zangu, swali hilo lilinishinda. Nilikuwa tayari kumwambia aache. Ndilo jibu rahisi, na mtu akimwambia mzee apumzike huonekana ana adabu. Lakini nikaona nisome kwanza, na niulize wanaojua. Niliyoyapata ndiyo haya.

Tuanze na mwili wenyewe. Mtu akishapita miaka ya thelathini, misuli huanza kupungua kidogo kidogo. Hasikii lolote. Akifika 60 upungufu huo huenda mbio zaidi. Mifupa nayo hupungua uimara, na kwa akina mama hupungua haraka baada ya hedhi kukoma. Ndiyo maana bibi anateleza msalani, anguko dogo tu, nyonga inavunjika. Kijana angeanguka hivyo hivyo akainuka anacheka.

Je, misuli ya mzee inaweza kurudi? Mwaka 1990 madaktari wa Boston, Marekani, walitoa habari ya wazee 10 waliokuwa wakiishi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mdogo wao alikuwa na miaka 86, mkubwa 96. Waliwapa mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu kwa wiki 8. Mmoja aliacha njiani. Wale waliomaliza, nguvu za miguu yao ziliongezeka kiasi cha kuzidi mara mbili ya zile walizoanza nazo. Wawili waliweka fimbo zao kando. Wazee wa miaka 90, jamani! Sisi hapa mtu wa 60 tunamtafutia kiti.

Habari nyingine imetoka Australia, katika Chuo Kikuu cha Griffith. Ilitolewa mwaka 2018, nayo inahusu chuma cha mzee wetu hasa. Walichukuliwa wanawake 101 waliopita miaka 58, ambao mifupa yao ilikwisha kupungua. Kundi moja lilinyanyua vyuma vizito, na zoezi mojawapo lilikuwa hili hili la kuinua chuma kutoka chini. Walifanya siku 2 kwa wiki, nusu saa kila siku, kwa miezi 8. Mifupa ya uti wa mgongo ya kundi hilo iliongezeka karibu asilimia 3. Kundi la pili lilifanya mazoezi mepesi nyumbani, na mifupa yao iliendelea kupungua.

Lakini msikimbilie kusema, "Basi bibi naye apewe ekseli." Wanawake wale walisimamiwa na mwalimu kila siku ya zoezi. Mwezi wa kwanza hawakupewa uzito mkubwa. Walifundishwa kwanza namna ya kuinama na namna ya kusimama. Mzee wetu wa Kipawa hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kuwatazama wenzake, na wenzake walikuwa wakishindana.

Sasa nisikilizeni hapa. Katika nchi nyingine mzee anaweza kuamua asiiname tena. Jiko lake liko juu, maji yako juu, nguo zinafuliwa mezani. Kwetu sisi vitu vingi viko chini. Sufuria iko juu ya mafiga, ndoo iko chini, kinu kiko chini, mkaa uko chini, jembe linafanya kazi chini. Mjukuu akilia naye yuko chini, ananyoosha mikono. Kwa hiyo mzee wa kwetu atanyanyua mzigo kutoka chini, apende asipende. Akiacha vyuma leo, kesho ataiinamia ndoo akiwa na misuli dhaifu kuliko ya jana. Kumwambia "usinyanyue" na kisha kumwachia ndoo si kumsaidia.

Tuitazame basi hiyo ndoo. Lita 20 za maji ni kilo 20. Mwaka 1999 wataalamu wa mji wa Ulm, Ujerumani, walitoa matokeo ya kupima mgongo wa mtu mmoja aliyejitolea. Kati ya pingili na pingili za mgongo kuna kitu kama mto laini. Waliingiza chombo kidogo ndani ya mto mmoja, kiunoni, wakapima jinsi unavyogandamizwa. Mtu huyo akishika kilo 20 karibu na kifua, mto uligandamizwa mara mbili na zaidi ya anaposimama mikono mitupu. Akizishika kilo zile zile mbali na kifua, kadiri ya sentimeta 60, ikawa zaidi ya mara tatu. Akizinyanyua kutoka chini kwa kupinda mgongo, zaidi ya mara nne. Akizinyanyua kwa kukunja magoti, ikarudi mara tatu na kitu.

Kilo ni zile zile 20. Kilichobadilika ni jinsi ya kuzishika. Kwa hiyo, mzee wangu, "vizito" si kilo peke yake. Ndoo iliyo mbali na mwili wako ni nzito kuliko ndoo iliyo katikati ya miguu yako. Hata hivyo tazameni tena: aliyekunja magoti vizuri naye mgongo wake uligandamizwa. Kunyanyua vizuri hakufanyi gunia la kilo 100 kuwa tenga la pamba.

Nadhani sasa naweza kumjibu yule mzee. Asiache kuinua kutoka chini. Aache kile alichokuwa akikitafuta zamani. Alipokuwa na miaka 25 alitaka kuwashinda wenzake na kupata sifa mtaani, na sokoni alitaka fedha ya kila gunia. Hayo yalikuwa na maana wakati ule. Sasa anataka nini? Nilimwuliza. Alifikiri kidogo, akasema, "Nataka nichote maji mwenyewe. Nataka niende msalani usiku bila kumwamsha mtu." Haya ni malengo makubwa, tena ni magumu. Lakini hayahitaji makopo manne ya zege. Yanahitaji kopo moja moja, kwa uangalifu, wiki baada ya wiki.

Hapa lazima nitenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna kunyanyua kwa zoezi, na kuna kunyanyua kwa kibarua. Anayefanya zoezi huchagua uzito mwenyewe. Akichoka huacha, na kesho yake hupumzika. Mbeba magunia hachagui. Gunia likija ni hilo, na anayefuata nyuma anamsukuma. Kwa hiyo mtu asije akasema, "Mwalimu kasema kunyanyua kunawafaa wazee, basi wazee waendelee kupakia malori." Sikusema hivyo.

Tazameni upande wa pili wa ukuta huu, kwenye kiwanja cha ndege. Mashirika mengi ya ndege hayapokei begi moja lililozidi kilo 32, na sababu yake ni migongo ya wapakizi. Abiria hata kama ni tajiri ataambiwa apunguze. Zamani babu zetu wapagazi waliotoka Tabora kuja Bagamoyo walibeba mzigo wa kawaida wa kadiri ya frasila mbili, nazo ni kama kilo 32. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55 peke yake. Na sisi? Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100, na hata hapo watu wanashona lumbesa juu yake. Lumbesa tumezoea kuisema kwamba inamwibia mkulima. Ni kweli inamwibia. Inamwibia na mbebaji pia, maana analipwa kwa gunia moja, na mgongo wake unabeba gunia na nusu. Mwenye miaka 60 anayeishi kwa kazi hiyo sina zoezi la kumpa. Anahitaji gunia dogo, au mkokoteni, au mtu wa pili wa kushika upande wa pili. Ninyi vijana mnaopakia naye mnaweza kumshikia upande huo bila kungoja sheria.

Sasa turudi kwenye zoezi. Kabla ya yote, nenda zahanati upime presha. Mtu akinyanyua kizito huku amebana pumzi, presha hupanda sana kwa muda mfupi. Kwa hiyo usibane pumzi. Toa pumzi unaposimama. Mwenye presha ya juu isiyotibiwa atibiwe kwanza. Mwenye uvimbe kinenani, yaani ngiri, naye amwone daktari kwanza.

Kisha usianzie chini kabisa. Panga matofali, weka mzigo juu yake, ufike karibu na magoti. Mzee wetu nyonga zake zimekaza, akifika chini kabisa mgongo unapinda wenyewe. Basi kuna ubaya gani chuma kikikaa juu ya matofali? Hakuna anayetoa zawadi. Mwili ukilainika, utaondoa tofali moja.

Simama karibu na mzigo, uwe kati ya miguu yako au ukugusie miguu. Sukuma makalio nyuma kama mtu anayetaka kukalia kigoda, magoti yakunje kidogo, mgongo unyooke. Shika. Simama kwa kusukuma ardhi kwa miguu. Usimvute mtu gunia kwa mgongo. Usigeuze kiuno huku umeshika mzigo. Ukitaka kugeuka, geuza miguu. Rudia mara 8 hivi, uache ukiwa bado na nguvu ya kurudia mara mbili au tatu. Hapo ndipo vijana wanaposhindwa. Wao hawajui kuacha kabla ya kuchoka. Fanya siku 2 kwa wiki, zisifuatane. Siku nyingine tembea, au kaa na kusimama kwenye kigoda bila kushika kitu.

Misuli ikiuma kesho yake, hiyo ni kawaida. Lakini maumivu yakishuka mguuni, mguu ukafa ganzi au ukalegea, acha, uende hospitali. Na mtu mwenye maumivu ya kiuno akishindwa kuzuia mkojo au choo, asingoje asubuhi. Apelekwe siku ile ile.

Yule mzee amekwisha kuanza. Ameondoa makopo mawili, na chuma amekipandisha juu ya matofali mawili. Vijana walimcheka siku ya kwanza. Mkewe hakucheka, lakini hajakubali bado. Anasema atangoja aone baada ya mvua.

Nimesema ya kutosha, na maneno peke yake hayafundishi mgongo. Pale chini ya mwembe nimeweka ndoo juu ya tofali. Ina lita 10 tu. Twende wote. Mama uliyekaa pale mbele, uliyesema kiuno kinakusumbua, njoo wewe uanze. Vua viatu hivyo kwanza, vinateleza.