Kuotesha Miche kwa Maji Nyumbani: Mazungumzo kwa Wakazi wa Kitale na Bungoma



Mvua ya kwanza ya Machi ikigonga mabati, swali huwa lile lile Kitale na Bungoma: mbegu iko wapi? Kwa mahindi jibu liko dukani, na makao makuu ya kampuni ya Kenya Seed yako hapo Kitale. Lakini mimea mingi ya jikoni na ya zizini haina pakiti. Viazi vitamu, nderema, mnanaa, mchaichai na nyasi ya nepia hupandwa kwa kukata kipande cha mmea uliokomaa na kukifanya kiote mizizi. Kipande hicho mara nyingi hakina bei, kwani jirani hukitoa kwa roho safi. Mazungumzo haya yanahusu namna ya kukiotesha ndani ya nyumba kwa maji na vyombo vilivyopo jikoni. Yanahusu pia hatari moja ambayo kipande cha bure huweza kuja nayo.

Kwanza, kwa nini shina lililokatwa linaota? Kwenye ncha na majani machanga mmea hutengeneza kichocheo kinachoshuka chini ya shina. Shina likikatwa, kichocheo hicho hukusanyika karibu na jeraha, na seli zilizo kwenye kifundo, yaani pale jani linapochomoza, huanza kutoa mizizi. Ndiyo maana kipande kisicho na kifundo chini ya maji hukaa tu hadi kuoza.

Kipande kizuri kina urefu wa kiganja na vifundo vitatu au vinne. Kikatwe asubuhi, kabla jua halijalegeza majani, kwa kisu kikali kilichooshwa kwa sabuni na maji moto. Mkato upite chini kidogo ya kifundo cha mwisho. Majani ya chini yaondolewe yote, kwa sababu jani linalozama huoza na kuchafua maji. Juu yabaki mawili au matatu; yakiwa makubwa, yapunguzwe nusu. Maua pia yatolewe, maana hula nguvu inayohitajika chini.

Chombo si shida. Chupa ya soda iliyokatwa shingo inatosha, au gilasi iliyopasuka mdomo ambayo hakuna mgeni atakayeinywea chai. Maji yafunike kifundo kimoja au viwili tu. Mizizi nayo hupumua, na shina lililozamishwa lote hukosa hewa. Kwa miaka mingi Kampuni ya Maji ya Nzoia imehudumia miji yote miwili, na maji ya bomba yanafaa, ila ni vyema yalale usiku mmoja ndani ya ndoo wazi ili harufu ya klorini ipungue. Maji ya mvua ni mazuri zaidi. Hakuna haja ya kutia mbolea, na wale wanaotia sukari wanalisha bakteria.

Chupa ikae penye mwanga lakini si kwenye jua la moja kwa moja. Ikiwa inapitisha mwanga, izungushiwe gazeti kuukuu, la sivyo utando wa kijani utajaa ndani.

Hapa Kitale na Bungoma hutengana kidogo. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma karibu mita 1,400. Abiria wa matatu huisikia tofauti hiyo akiteremka kupitia Kiminini na Kamukuywa hadi Misikhu, sweta linavuliwa njiani. Mmea nao huisikia. Mnanaa na shina la kiazi kitamu vinaweza kuonyesha mizizi ndani ya wiki moja katika joto la Bungoma. Kitale, hasa kati ya Juni na Agosti, huenda vikachukua muda mrefu zaidi. Mkazi wa Kitale aondoe chupa dirishani jioni na kuiweka karibu na ukuta wa jikoni. Nderema huchukua wiki moja hadi mbili. Rosemari ni ya subira: mwezi mmoja au zaidi, na vipande kadhaa vitakufa njiani.

Kuhusu mbu, jambo hili si la kupuuzwa. Bungoma iko katika ukanda wenye malaria mwaka mzima, na maji yaliyosahaulika nyuma ya pazia ni kitalu cha mbu. Yai huhitaji takriban wiki moja au zaidi kidogo hadi kuwa mbu anayeruka. Anayemwaga maji kila baada ya siku mbili au tatu na kusugua ndani ya chupa hukata mzunguko huo, na papo hapo anaipa mizizi hewa mpya. Asiyeweza kukumbuka ni heri apande kipande moja kwa moja kwenye udongo wenye unyevu chini ya kivuli. Sukuma wiki, kwa mfano, haihitaji chupa kabisa: machipukizi ya pembeni huchomekwa ardhini na kunyweshwa.

Ipo mimea ambayo maji hayaifai. Saga, mrenda na kunde ni rahisi zaidi kwa mbegu. Kokwa la parachichi huota vizuri sana kwenye gilasi na watoto hulifurahia, lakini mti wake hautazaa matunda sawa na ya mama yake, na itachukua miaka mingi kulijua hilo. Miche ya parachichi na ya pasheni ya biashara ni ile iliyounganishwa, na inunuliwe kwenye kitalu kilichosajiliwa. Pesa zilizookolewa kwenye mnanaa na viazi zitumike hapo.

Kiazi kitamu ndicho chenye faida kubwa kuliko vyote katika jambo hili. Kila mwaka mashina hukauka kati ya Desemba na Machi, mvua inafika, na shamba linakaa wazi wiki kadhaa wakati mkulima anazunguka akitafuta mbegu. Aliye na nafasi ndogo anaweza kuanza Januari. Achague kiazi kizima kisicho na tundu la fukusi, akitumbukize nusu kwenye mkebe wa maji, na kukishikilia kwa vijiti vitatu ili kisizame. Kitachipua. Machipukizi yakifikia urefu wa kiganja hukatwa, huwekwa kwenye maji hadi yaote mizizi, kisha hupandwa kwenye tuta dogo karibu na jikoni, mahali ambapo maji ya kuoshea mboga hufika. Tuta hilo likitunzwa, mvua itakuta mashina ya kukata.

Mwenye shamba kubwa zaidi atafaidika na njia inayopendekezwa na Kituo cha Kimataifa cha Viazi, CIP. Viazi vidogo vilivyo safi huhifadhiwa ndani ya mchanga mkavu kwenye beseni wakati wa kiangazi, kisha hupandwa kwenye tuta linalonyweshwa wiki 6 hadi 8 kabla ya mvua. Aina za rangi ya machungwa kama Kabode na Vita, zenye vitamini A kwa wingi, huongezwa vivyo hivyo.

Sasa ile hatari.

Kipande cha mmea si mtoto wa mmea ule. Ni mmea ule ule. Kama mama yake huzaa sana, nacho kitazaa. Kama mama yake ni mgonjwa, nacho ni mgonjwa tangu siku ya kukatwa. Maji hayatibu. Mizizi mieupe na mirefu ndani ya chupa haithibitishi kwamba mmea ni mzima, na hapo ndipo wengi hukosea.

Wafugaji wa Bungoma walijifunza hili kwa uchungu. Mwaka 2004 watafiti waliripoti kutoka Bungoma ugonjwa wa kudumaa kwa nepia. Unasababishwa na fitoplasma, aina ya bakteria anayeishi ndani ya mishipa ya mmea, na huenezwa na mdudu mdogo anayerukaruka akifyonza utomvu. Lakini huenezwa pia na binadamu, kwa gunia la vipande vya nepia linalobebwa kutoka boma moja hadi jingine. Majani huwa madogo na ya manjano, shina hujaa vichipukizi vingi vifupi, na nyasi haiinuki. Mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa hujikuta ananunua majani ambayo zamani aliyakata nyuma ya nyumba, au anaona maziwa yakipungua siku baada ya siku. Mmea ulioambukizwa hauna dawa. Hung'olewa pamoja na mizizi yake.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba dalili hujificha. Nepia huweza kuonekana nzuri mara ya kwanza, kisha udumavu ukajitokeza baada ya kukatwa na kuchipua upya. Kwa hiyo anayetafuta mbegu asiangalie nyasi iliyosimama peke yake. Aangalie pale palipokatwa wiki chache zilizopita, aone inavyochipua. Nepia yenyewe haiwekwi kwenye chupa: kipande cha vifundo vitatu huchomekwa ardhini kikiwa kimeinama, viwili vikiwa chini ya udongo.

Kiazi kitamu kina virusi vyake, ambavyo huonyesha majani membamba yaliyokunjamana na kupauka, mmea ukabaki mfupi. Muhogo una batobato na michirizi ya kahawia. Yote hayo husafiri ndani ya kipande. Kwa kiazi kitamu, ni afadhali kukata upande wa ncha kuliko upande wa shina kuukuu, kwa sababu fukusi hupenda kutaga mayai karibu na ardhi.

Tatizo gumu hapa si la kilimo, ni la ujirani. Mama mwenzako akikuletea mzigo wa mashina mlangoni, utamwambiaje kwamba yana ugonjwa? Wengi hupokea na kupanda kwa haya. Njia ya heshima ni kuomba mapema: "Mama, usijisumbue kubeba, nitakuja nijikatie mwenyewe." Akiwa shambani, mgeni huona mama wa mmea amesimama, huchagua shina lenye majani mapana na rangi sawasawa, na huacha mengine bila kumuaibisha mtu. Kisu chake akioshe kabla ya kwenda shamba lingine.

Kipande kikishapata mizizi ya sentimita 3 hadi 5 kwenye maji, kitolewe. Kukiacha kiendelee ni kukidhuru, kwa kuwa mizizi ya majini ni laini na ikirefuka sana hukatika inapohamishwa. Udongo wa juu, mchanga kidogo na samadi iliyooza kabisa vinatosha. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, kwa hiyo vitumike mikebe ya mafuta ya kupikia au boksi za maziwa, vikitobolewa chini. Kazi ifanywe jioni. Siku saba za kwanza udongo usikauke na mche ukae kivulini, kisha uzoeshwe jua kidogo kidogo.

Anayeshuku ugonjwa, iwe kwenye nepia, muhogo au viazi, awasiliane na afisa wa kilimo wa wadi yake. Asibebe mmea wenyewe kwenye matatu hadi ofisini, maana wadudu na ugonjwa huteremka naye katika kila kituo. Apige picha mbili kwa simu, moja ya jani kwa karibu na moja ya mmea mzima, akumbuke ni nani aliyempa mbegu hiyo na lini, na amwombe afisa aje shambani.