Arubuni si Riba: Kuuza Haki ya Kununua kwa Mwenye Bitcoin Mkononi



Mada niliyopewa katika semina hii imeandikwa kwenye ratiba hivi: kupata kipato cha kila mwezi kwa Bitcoin bila kuiuza. Nawaomba radhi waandaaji, kwa sababu nimekuja kuyapinga maneno mawili ya mwisho. Kipo kinachouzwa, na tukijue kabla hatujahesabu faida.

Sisi watu wa pwani tunaijua arubuni. Una kiwanja Mtwapa. Anakujia mtu anakwambia: nitakinunua kwa shilingi milioni 2, ila nipe mwezi mmoja; shika hizi 50,000, usimuuzie mwingine. Asiporudi, pesa ni zako na kiwanja ni chako. Akirudi, unamkabidhi kwa milioni 2, hata kama katikati ya mwezi imetangazwa barabara ya lami na majirani wanauza kwa milioni 3. Na viwanja vikishuka bei, hutamwona tena. Utabaki na kiwanja kisicho na mnunuzi, na 50,000 zako.

Opsheni ya kununua ni jambo hilohilo, isipokuwa arubuni yetu hukatwa katika bei mnunuzi anaporudi, na ile ya soko la opsheni haikatwi. Ni ya muuzaji kwa vyovyote vile. Kwa wenzetu Waislamu tofauti hiyo si ndogo. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lenye makao yake Jeddah liliamua mwaka 1992 kwamba mikataba ya opsheni haifai, na mwaka 1993 likaikubali biashara ya arubuni yenye muda maalumu. Kwa hukumu ya kina, muulizeni shekhe kabla ya kumuuliza dalali.

Biashara yenyewe ina umri. Soko la opsheni la Chicago lilifunguliwa Aprili 1973 likiwa na opsheni za kununua za kampuni 16 tu. Opsheni za Bitcoin kwa miaka mingi ziliuzwa zaidi Deribit, soko lililoanzishwa Uholanzi mwaka 2016 na kununuliwa na kampuni ya Coinbase mwaka 2025. Huko mikataba ya mwezi hufikia ukomo Ijumaa ya mwisho ya mwezi, saa 5 asubuhi kwa saa zetu. Muuzaji mwenye Bitcoin anaiweka sokoni kama rehani, anataja bei ya mapatano, anapokea arubuni, anasubiri Ijumaa.

Tupige hesabu. Tarehe 5 Novemba 2024, siku ya uchaguzi wa rais wa Marekani, Bitcoin moja ilikuwa karibu dola 69,000. Tuseme mtu mwenye Bitcoin moja aliuza siku hiyo haki ya kuinunua kwa 75,000, mkataba wa kuisha tarehe 29, akapokea arubuni ya dola 2,000. Hiyo arubuni ni makadirio yangu, lakini haiko mbali na hali ya soko la wakati ule. Dola 2,000 kwa siku 24 ni karibu asilimia 3. Hapo ndipo wauza matumaini huizidisha mara 12, wakakutolea asilimia 35 kwa mwaka. Mtu aliyezoea hatifungani za serikali akiisikia namba hiyo, usingizi unamruka.

Ilipofika Ijumaa ile, bei ilikuwa karibu 96,000. Muuzaji wetu anadaiwa tofauti kati ya 96,000 na 75,000, yaani 21,000. Na kwa kuwa Deribit mikataba hii hulipwa kwa Bitcoin yenyewe, kinachokatwa ni sehemu ya sarafu aliyoweka rehani: zaidi ya moja ya tano. Ameingia na Bitcoin moja, ametoka na pungufu ya 0.8 pamoja na dola zake 2,000. Kwa thamani ya dola hajapata hasara, amepata faida ya 8,000. Lakini jirani yake aliyekaa kimya amepata 27,000. Ndiyo maana nayakataa yale maneno mawili. Aliuza. Aliuza kila dola juu ya 75,000, akalipwa 2,000.

Mtu anaweza kuniambia: nitauza bei inapotulia, au inaposhuka. Tuitazame basi njia ya kushuka, kwa kuwa ndiko nilikoona watu wakiumia zaidi. Novemba 2021 Bitcoin ilifika karibu 69,000. Mwisho wa 2022 ilikuwa chini ya 17,000. Arubuni iliyokusanywa njiani ilipunguza makali tu, haikuzuia anguko. Kibaya zaidi ni kile kinachofuata. Bei ikishashuka, haki ya kununua kwa bei ile ya zamani haina thamani tena, hakuna wa kuilipia. Aliyezoea kipato cha kila mwezi anaanza kuteremsha bei ya mapatano ili apate chochote. Ikaja Januari 2023: ndani ya mwezi mmoja Bitcoin ilipanda kutoka karibu 16,500 hadi kama 23,000. Aliyekuwa ameuza haki ya kununua kwa 18,000 alishuka mteremko wote na mzigo wake, na mlima ulipoanza akawa ameshaikodisha miguu yake. Tabia ya Bitcoin ni kukaa muda mrefu kisha kuruka kwa siku chache. Wanunuzi wa opsheni wanazilipia siku hizo chache.

Iko hatari nyingine ambayo haimo katika bei. Sarafu ikiwa rehani haiko tena katika pochi yako. Celsius, iliyowaahidi wateja faida kubwa juu ya sarafu zao, iliomba ulinzi wa kufilisika Julai 2022. Soko la sarafu la FTX likafuata Novemba mwaka huohuo. Kenya ilipitisha sheria ya watoa huduma za mali pepe mwaka 2025. Ni hatua njema, ila haimfuati mwanachama wa vyama vyetu vya akiba anayeweka rehani katika soko lililo nje ya nchi.

Je, biashara hii haifai kabisa? Inafaa kwa mtu mmoja: yule aliyekwisha kuamua, kabla ya kufungua programu yoyote, kwamba Bitcoin ikifika bei fulani atauza sehemu fulani, na hatajuta. Huyo analipwa kwa kungojea jambo alilolitaka. Mwingine yeyote anakusanya dola mbilimbili akitumaini barabara isitangazwe.

Kwa hiyo naiomba semina hii ipitishe mambo mawili. Akiba ya pamoja ya wanachama isiwekwe rehani katika biashara hii, hata kwa kiasi kidogo. Na mwanachama anayetaka kujaribu kwa fedha yake mwenyewe, kwanza aandike kwenye karatasi bei ambayo angeuza kwa moyo mkunjufu, aitie saini na tarehe, na asiuze haki ya kununua chini ya bei hiyo.