Picha Ndogo ya Mtu Mkubwa

(Muziki wa kipindi unasikika kwa muda mfupi, kisha unashuka.)

Leo nazungumza na kila mwenye picha ya mpendwa wake kwenye simu, anayetaka kuisafisha iwe kubwa ya kutundika ukutani.

Nianze na yaliyotupata sisi. Bibi mzaa mama alibaki Baraka, kule Fizi, tulipovuka Ziwa Tanganyika kuja Tanzania. Alipofariki hatukuweza kwenda kumzika. Mama aliomba kitu kimoja tu: picha kubwa ya bibi, iwekwe mbele siku ya kumaliza matanga. Mjomba alikuwa ameweka picha kwenye stetasi ya WhatsApp. Binamu yangu akaipiga picha ya skrini, akaikata, akanitumia. Kwenye simu ilionekana nzuri kabisa.

Nikaipeleka dukani isafishwe kwa ukubwa wa A4. Fundi aliona inatoka na ukungu, akaipitisha kwenye programu ya kuongeza ubora. Ikatoka inang'aa. Mama aliishika kwa mikono miwili, akaitazama, kisha akaniuliza, "Huyu ni nani?"

Kovu la juu ya jicho halikuwepo. Mikunjo ya uso ilikuwa imefutika. Bibi yetu mzee alikuwa amepewa hata meno ambayo hakuwa nayo.

Kwa nini ilitokea hivyo? Picha ya simu imeundwa kwa nukta ndogo za rangi, zinazoitwa pikseli. Ifikirie kama kitambaa cha shanga. Ukikivuta kiwe kikubwa, shanga haziongezeki, bali zinaachana. Programu ya kukuza picha hujaza mapengo kwa kubahatisha. Programu za kawaida huchanganya rangi za jirani, ndiyo maana ukungu unatokea. Zile za akili bandia zimejifunza kutoka kwenye picha nyingi za watu wengine, kwa hiyo huweka kile ambacho nyuso za watu huwa nacho. Kovu la bibi yako haziijui habari yake.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla ya kukuza picha, itafute ile ya asili. Uliza nani aliipiga, kwa simu gani, na kama bado iko kwenye simu hiyo au kwenye memori kadi. Ukimpata, mwambie asikutumie kama picha ya kawaida, maana WhatsApp huipunguza. Aguse alama ya kuambatisha, achague dokumenti, kisha aichague picha hapo. Itakula bando zaidi, lakini itafika na nukta zake zote.

Pili, pima kabla ya kulipa. Fungua picha kwenye simu, tazama maelezo yake. Utaona namba mbili, kwa mfano 640 kwa 480. Hizo ndizo nukta za urefu na upana. Gawanya kila namba kwa 120, upate sentimita za picha safi ya kushika mkononi. Kama itatundikwa na kutazamwa kwa mbali kidogo, gawanya kwa 60. Picha yetu ya kwanza ilikuwa hiyo ya 640 kwa 480. Ya mkononi ingekuwa kama sentimita 5 kwa 4. Ya ukutani, kama 11 kwa 8. Mimi nilitaka A4, yenye karibu 30 kwa 21! Fundi hakuwa mchawi.

Mjomba alizunguka siku mbili, akampata jirani aliyempiga bibi picha ile. Ilikuwa bado kwenye memori kadi. Ilipofika ilikuwa na nukta 3264 kwa 2448. Gawanya kwa 120: sentimita 27 kwa 20. Ikajaza A4 karibu yote, bila programu yoyote kugusa uso. Mama hakusema neno. Aliweka kidole chake juu ya lile kovu.

Najua wengine wetu hatutaipata ya asili. Simu ilipotea njiani, au aliyepiga picha hayupo tena. Usikate tamaa. Safisha picha ndogo, uiweke katikati ya karatasi nyeupe kubwa, ndani ya fremu. Itapendeza na itabaki kuwa yeye. Ukitaka kuikuza, ikuze kidogo tu, na umwambie fundi asiguse uso. Akitumia programu, omba akuonyeshe picha mbili pamoja kwenye skrini, ya zamani na mpya. Mwite mtu aliyemjua marehemu azitazame kabla hujatoa pesa. Ukungu kidogo ni afadhali kuliko uso wa mgeni. Na ile picha ya kwanza usiifute hata siku moja. Iweke pia kwenye simu ya ndugu mwingine.

Usiku huu, kabla hujalala, fungua picha moja ya mzazi wako. Tazama namba zake. Kama ni ndogo, kesho mpigie aliyeipiga, wakati bado anapatikana.

Mimi ni mtangazaji wako. Tukutane kipindi kijacho. Usiku mwema.

(Muziki unapanda, kisha unaisha.)