Eksirei za Anga na Chumba cha Kompyuta Kilichofungwa

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya walimu wa fizikia wa sekondari, Soweto, Mbeya



Maana ya eksirei naiacha. Kila aliyemo humu ameifundisha. Wimbi mshtuko nalo hutokea kitu kinapopita kwenye gesi kwa kasi kuliko sauti. Nyota ikilipuka, mabaki yake huisukuma gesi kwa maelfu ya kilomita kwa sekunde, na wimbi hilo huzuka. Tuendelee.

Setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei za anga ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru, na setilaiti hiyo ikaitwa Uhuru. Kurushia karibu na ikweta huokoa mafuta ya roketi, na ukiizunguka dunia juu ya ikweta unakwepa sehemu kubwa ya mionzi inayovuruga vipimo. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339. Lakini kuhusu eksirei, vitabu vyetu vya kiada vinaishia kwenye picha ya mfupa uliovunjika.

Mwaka 1995 setilaiti ya Japani, ASCA, ilionyesha kwamba eksirei za kwenye kingo za supanova, yaani nyota iliyolipuka, ya mwaka 1006 hazitoki kwenye gesi moto. Zinatoka kwa elektroni zinazojipinda kwenye uga sumaku zikikaribia kasi ya mwanga. Elektroni huvuka wimbi mshtuko, ikarudishwa, ikavuka tena, na kila mara huongeza nishati, kama mpira kati ya vibao viwili vinavyosogeleana. Kwenye picha za darubini ya anga ya Chandra za supanova ya Tycho, ya mwaka 1572, kingo hizo ni uzi mwembamba. Wembamba huo ndio habari yenyewe: elektroni zinaishiwa nishati kabla hazijafika mbali, maana yake uga sumaku wa pale ni mkali kuliko wa anga ya kawaida. Kidato cha sita wanaweza kuupima uzi huo kwenye skrini.

Na hapa ndipo ninapokwama miaka yote. Data za Chandra ziko wazi, kwa kawaida baada ya mwaka mmoja. Programu ya kuzifungulia, DS9, ni ya bure. Lakini kuna shule, sitaitaja, ambayo kompyuta zake zilipokelewa kwa ngoma na hotuba, na hadi leo skrini zina nailoni za kiwandani. Ufunguo wa chumba cha kompyuta uko kwa mkuu wa shule. Mkuu yuko safarini. Akirudi, jibu ni kwamba wanafunzi wataziharibu. Sisemi haya kulaumu uongozi. Mali ya umma ina taratibu zake, nami naziheshimu. Ila kompyuta isiyowashwa nayo inazeeka.

Napendekeza basi, kwanza, ufunguo wa pili akae nao mwalimu wa fizikia, kwa kusaini daftari. Mafaili yapakuliwe mara moja yasambazwe kwa flashi, ili bando lisiwe kisingizio. Umeme ukikatika, picha zilizochapishwa na rula zinatosha kupima kingo za Tycho. Mitihani ya majaribio ya kanda iwe na angalau swali moja la eksirei za anga, kwa sababu kisichotahiniwa hakifundishwi, tunajuana. Habari ya Malindi ifundishwe pamoja na mada ya mionzi. Maofisa wanaokagua shule wasiishie kuhesabu kompyuta, waulize mara ya mwisho ziliwashwa lini. Na la ufunguo nalirudia, mwenyekiti, naomba liandikwe kwenye kumbukumbu za semina kama lilivyo, lisije likageuzwa kuwa "kuboresha mazingira ya kujifunzia".